Mvinyo Mwekundu Hauongezi Damu: Kweli na Si Kweli kwa Anayeanza Kuonja

Kuanzia Katesh hadi Dongobesh, harusi nyingi siku hizi huwa na chupa mbili tatu za mvinyo kwenye meza ya maharusi. Soda inajulikana, bia inajulikana. Mvinyo unaonjwa kidogo, uso unakunjwa, glasi inasogezwa pembeni, kisha maneno yanaanza: huu umeharibika, huu ni dawa ya damu, huu ni wa Wazungu, huu haulevyi. Mengi ya maneno hayo si kweli. Machache yana ukweli ndani yake, na moja ni la hatari. Nimeyakusanya hapa kwa ajili ya mtu mzima wa Mbulu au Hanang ambaye angependa kuuelewa mvinyo na hajui aanzie wapi. Asiyekunywa, kwa imani au kwa hiari yake, hana anachokosa, na hakuna neno humu linalomtaka aanze.

"Mvinyo mwekundu unaongeza damu."

Si kweli. Nimelitanguliza hili kwa sababu linaumiza watu. Mama aliyetoka kujifungua anapelekewa chupa ya mvinyo mtamu pamoja na mtori. Mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini anashauriwa nyumbani anywe nusu glasi kila jioni. Wanaoshauri hivyo wanampenda, lakini wanamshauri vibaya.

Wekundu wa mvinyo unatoka kwenye ganda la zabibu. Ukikamua zabibu nyingi nyeusi, maji yake yanatoka karibu meupe; rangi huingia pale maganda yanapoachwa yachachuke pamoja na maji hayo kwa siku kadhaa. Rangi hiyo haina uhusiano wowote na damu ya binadamu. Madini ya chuma, ambayo ndiyo mwili unayahitaji kutengeneza damu, yamo kwenye mvinyo kwa kiasi kidogo sana: glasi moja kwa kawaida haifikishi hata miligramu 1, ilhali mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Tena mvinyo mwekundu una tanini nyingi, na tanini hukishika chuma kilichomo kwenye chakula kikashindwa kufyonzwa vizuri. Kwa hiyo anayekula maharage na mchicha kisha akashushia mvinyo, anapoteza sehemu ya kile alichokila.

Kwa mjamzito kuna jambo kubwa zaidi. Pombe inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaweza kudhuru ubongo wake kwa maisha yake yote. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama wakati wa ujauzito. Damu ikipungua, dawa yake ni vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki, pamoja na maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani, na chungwa au pera pembeni ili chuma kifyonzwe. Mara nyingine chanzo ni malaria au minyoo, na hilo linajulikana kwa kupimwa tu.

Wapo pia wanaosema mvinyo mwekundu ni kinga ya moyo. Maneno hayo yalienea sana miaka ya 1990. Lakini tangu mwaka 1988 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani unaviweka vinywaji vyenye pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mwaka 2023 Shirika lenyewe lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Mvinyo unywewe kwa ladha yake na kwa mazungumzo ya mezani. Anayeutafuta kama dawa aende kwa daktari.

"Sisi wa huku hatuna utamaduni wa mvinyo."

Si kweli, na hili nalipinga kwa moyo wote, kwa sababu linamfanya mtu wa Hanang aishike glasi kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mvinyo ni tunda lililochachushwa. Chachu inakula sukari, inatoa pombe na hewa ya ukaa. Ndiyo mapovu unayoyaona. Kazi hiyo hiyo inafanyika kwenye gesuda. Wadatoga, wakiwemo Wabarabaig wanaoishi kuuzunguka Mlima Hanang, huchachusha asali kwa maji na mizizi, na kinywaji kinachopatikana hakikuwa kamwe cha kila mtu wala cha kila siku. Gesuda ni ya wazee. Humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, hunywewa kwenye shughuli za baraka, na bila gesuda hakuna bung'eda, ile ibada kubwa ya kumjengea mzee aliyeheshimika kaburi lake, inayochukua miezi mingi kukamilika. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyeandika kitabu kuhusu Wabarabaig kilichotoka mwaka 1970, alikuta jamii ambayo asali iliyochachuka ina mahali pake, watu wake na wakati wake. Kwa kitu kilichochachuka, heshima ya namna hiyo haipatikani katika nyumba nyingi za Ulaya zinazomiliki mashamba ya mizabibu.

Kwa Wairaqw wa Mbulu, pombe ya nafaka imekaa karibu na slufay, ile sala ndefu anayoitoa mzee huku waliokaa wakimwitikia, akiomba mvua, mifugo na amani ya nchi. Pombe hapo si ya kukimbizana. Inasubiri maneno yaishe.

Na anayeijua asali anajua tayari nusu ya somo la mvinyo. Asali ya msimu wa maua ya migunga haifanani na ya msimu mwingine. Ya nyuki wadogo ina uchachu ambao ya nyuki wakubwa haina. Iliyorinwa kwa moshi mwingi inabaki na moshi. Ikichachushwa, siku za mwanzo utamu uko juu, kisha unashuka kadiri chachu inavyokula sukari, na ukali unapanda. Mzee anayesema gesuda hii bado, au hii imepita, anafanya kazi ile ile anayoifanya mtengeneza mvinyo mbele ya pipa: anapima utamu, uchachu, harufu na muda. Kinachokosekana kwa anayeanza ni kuizoea zabibu. Ulimi anao.

Hata zabibu yenyewe haikuja jana. Divai imekuwa altareni Mbulu tangu misheni za kwanza, na Jimbo Katoliki la Mbulu pamoja na Dayosisi ya Mbulu ya KKKT zinaitumia hadi leo. Kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa Katoliki inadai divai ya misa iwe ya asili, iliyotokana na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Ndiyo kusema padri wa kijijini analazimika kujua divai nzima na iliyogeuka siki.

"Mvinyo mzuri ni mtamu; usio mtamu umeharibika."

Si kweli. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Zabibu iliyoiva ina sukari nyingi. Chachu ikiachwa imalize kazi yake, sukari inakwisha karibu yote, na mvinyo unakuwa mkavu, yaani hauna utamu. Kwenye lebo utakuta neno "dry". Chachu ikisimamishwa njiani, au utamu ukiongezwa baadaye, mvinyo unabaki mtamu. Lebo itasema "sweet". Zote mbili ni njia halali. Mtu aliyezoea soda na dompo, ule mvinyo mtamu wa bei ndogo, akianza na mwekundu mkavu lazima ashtuke, maana mdomo wake ulikuwa unasubiri sukari. Mshtuko huo hauna maana kwamba chupa ni mbovu.

Kuna mambo matatu ya kutafuta kinywani, kila moja kwa wakati wake. La kwanza ni uchachu: baada ya kumeza, mate yanajaa pembeni mwa ulimi. Uchachu ndio unaoufanya mvinyo uwe mchangamfu. Ukikosekana, kinywaji kinalala. La pili ni ukakasi, ule mkauko kwenye fizi na mashavu unaofanana na wa chai ya rangi iliyochemshwa mno. Ni kazi ya tanini zilizotoka kwenye ganda na mbegu, ndiyo maana mwekundu unao na mweupe karibu hauna. La tatu ni joto linaloshuka kooni. Hilo ni pombe yenyewe. Mvinyo uliokaa sawa ni ule ambao hakuna kimoja kati ya hivyo kinachowapigia kelele wenzake.

Mvinyo ulioharibika una dalili zake, na si ukavu. Ukinusa siki kali, chupa ilikaa wazi muda mrefu na bakteria wamekwisha kuigeuza. Ukinusa boksi la karatasi lililolowana, au kitambaa kilichokaa na unyevu, kizibo cha gome kiliuambukiza. Mweupe uliogeuka rangi ya chai na kunuka tunda lililopigwa jua umepata joto au hewa nyingi mno, jambo la kawaida kwa chupa iliyosimamishwa dirishani dukani mwaka mzima. Ukikuta hayo, rudisha chupa kwa muuzaji bila aibu.

Kwa anayeanza ningependekeza njia hii: mweupe usio mkavu sana kwanza, kisha mweupe mkavu, halafu mwekundu mwepesi, na mwekundu mzito mwishoni. Ukianza na mzito, unauchosha mdomo kabla ya darasa.

"Ladha inajulikana kwa ulimi."

Nusu tu ni kweli. Ulimi unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote, iwe ukwaju, zambarau, pilipili manga, moshi au asali, yanaingia kwa pua, hata yakiwa yamepitia nyuma ya mdomo. Jaribu: bana pua, onja, kisha iachie. Ladha inafunguka pale pale. Ndiyo sababu glasi haijazwi. Theluthi moja inatosha, ili harufu ipate nafasi ya kukaa juu ya kinywaji. Izungushe taratibu, nusa, ndipo uonje. Aliyeshikwa na mafua asubiri apone.

Na macho yanadanganya kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanywa Bordeaux, Ufaransa, ambapo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama hao waliosomea wanaweza kupotoshwa na rangi, anayeanza hana sababu ya kumwonea haya mtu yeyote mezani. Funga macho, sema unachokinusa kwa maneno ya jikoni kwenu na shambani kwenu. Mtu wa Mbulu hahitaji kutaja tunda la Ulaya ambalo hajawahi kuliona. Akisema pera, ukwaju au majani makavu ya tumbaku, amesema vya kutosha.

"Wa bei ghali ndio bora, na wa Dodoma ni wa daraja la chini."

Si kweli kwa sehemu zote mbili.

Bei inapanda kwa usafiri, ushuru, jina na uzito wa chupa, na ubora ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaonjesha watu mvinyo ule ule mara mbili, wakiwatajia bei tofauti. Waliufurahia zaidi walipoambiwa ni wa bei kubwa, na vipimo vya ubongo vilionyesha furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Jina nalo lina nguvu kama hiyo. Tarehe 24 Mei 1976 mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha waonjaji wa Kifaransa mbele ya glasi zisizo na majina. Mivinyo ya California, ambayo wakati huo haikuhesabiwa na mtu, ilishika nafasi ya kwanza kwa weupe na kwa wekundu.

Sasa Dodoma. Mizabibu ilifika huko kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, na Bihawana ni jina linalotajwa kila historia hiyo inaposimuliwa. Leo zabibu zinalimwa na wakulima wadogo na wakubwa Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na kwingineko, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora ndicho kinachoshughulikia miche na magonjwa yake. Kuna aina iliyochukua jina la mahali hapo, Makutupora nyekundu, kuna Syrah, kuna Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa, ambayo imepata makao mapana Afrika Kusini.

Jambo la ajabu la Dodoma ni mavuno mawili kwa mwaka. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima akivuna, akapumzisha shamba kidogo na kupogoa matawi, mti unaanza mzunguko mpya. Mavuno yanayoiva wakati wa kiangazi huwa na sukari iliyokolea na ukungu kidogo, na yale yanayokutana na mvua humpa mkulima kazi zaidi ya kupambana na magonjwa. Kwa hiyo chupa mbili za Dodoma kutoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kwa msimu, kama asali ya Hanang inavyotofautiana, na mwonjaji mwenye subira anaweza kuifuatilia tofauti hiyo.

Sifa mbaya ya mvinyo wa Dodoma imetokana na dompo tamu za bei ndogo zinazonywewa harakaharaka. Kutumia hizo kuhukumia eneo zima ni kuwaonea wakulima. Viwanda vya huko vinatoa pia mivinyo mikavu iliyotengenezwa kwa uangalifu, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipokamilika mwaka 2018, hakuna sababu ya sisi wa Manyara kuona chupa ya Afrika Kusini iko karibu nasi kuliko ya jirani. Uliza dukani mvinyo mkavu wa Dodoma. Ukiulizwa mara nyingi, utaletwa.

"Kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mtamu."

Si kweli kwa karibu kila chupa utakayoiona Mbulu. Mingi hutengenezwa inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Inayostahili kuhifadhiwa miaka kumi na zaidi ni michache duniani, inahitaji giza na ubaridi usiobadilika, na wala haigeuki kuwa na sukari; inalainika ukakasi. Chupa ya zawadi ya harusi iliyokaa kabatini tangu mtoto wa kwanza azaliwe, ifunguliwe leo. Ikishafunguliwa, izibwe na imalizwe ndani ya siku tatu nne. Kizibo cha kuzungusha nacho kisikutishe: watengenezaji wengi wa Australia na New Zealand walikihamia kuanzia mwaka 2000 hivi, ili kuepuka ile harufu ya boksi lililolowa.

"Mwekundu haupoozwi."

Kweli Mbulu, si kweli Dar es Salaam. Mwekundu unapendeza kwenye nyuzi 15 hadi 18, na nyanda za Mbulu mwezi wa Juni au Julai zinaupa ubaridi huo bure, bila jokofu. Kwenye joto la nyuzi 30 pombe inapaa puani na tunda linapotea, kwa hiyo huko pwani uwekwe kwenye jokofu nusu saa kwanza. Mweupe unataka ubaridi zaidi, nyuzi 8 hadi 12.

"Mwekundu kwa nyama, mweupe kwa samaki."

Kweli kwa kiasi kikubwa, na sababu zake zinaeleweka. Tanini hushikana na protini. Nyama choma yenye mafuta inaufanya ukakasi ulainike mdomoni. Kwa samaki, watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye baadhi ya mivinyo huamsha ladha mbaya ya samaki iliyobaki mdomoni, na mivinyo myekundu mara nyingi ndiyo yenye chuma zaidi. Perege wa Ziwa Basotu aliyekaangwa na kukamuliwa limau anaelewana vizuri na Chenin Blanc mkavu wa Dodoma. Makande na maharage hayana sheria kali. Mwekundu mwepesi unatosha.

"Mvinyo haulevyi kama bia."

Si kweli, na hesabu yake ni fupi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe. Glasi ndogo ya mvinyo ya mililita 150 yenye asilimia 13 ina takriban gramu 15. Chupa nzima ya mililita 750 ina gramu 77 hivi, sawa na karibu bia nne. Utamu wa dompo unaficha pombe, hauipunguzi. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kumimina, na mahali pasipo na lebo acha kabisa.

Kwa hiyo, ukiwa mwenyeji wa sherehe inayofuata, nunua chupa moja ya mvinyo mkavu wa Dodoma, uigawe kwa watu sita, mililita 125 kila mmoja, baada ya chakula kufika na maji yakiwa mezani. Mpe kila mtu nafasi ya kusema anachokinusa. Mjamzito na mtoto wasipewe hata ya kuonja, na mwenye funguo za pikipiki au gari la kurudi Katesh anywe soda.